Mkono Usiolishwa

Mwera, upepo wa kusini, ulikuwa unavuma tangu walipotia nanga, na haukuonyesha dalili ya kuchoka. Nje ya kisiwa cha Nakandima, Ziwa Nyasa lilikuwa jeupe mpaka upeo wa macho. Ndani ya ghuba, nyuma ya ukuta wa mawe uliokinga upande wa kusini, maji yalitetema tu, kama uji unaokaribia kuchemka. Boti mbili za tanga zilikuwa zimejificha humo, na watu waliokuwamo hawakuwa na kazi ila kula, kulala na kuusikiliza upepo.

Osmund Ndunguru alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma akimenya viazi vitamu, mkewe alipotoka chumbani. Gaudensia alikuwa na kanga begani na kikombe cha kahawa mkononi. Alipofika penye usukani alisimama, akauwekea kiganja.

"Umelalaje, Wende?"

Usukani haukujibu, kwa kuwa haukuwa na mdomo. Ulisogea kidogo kulia, kisha kushoto, ukiinyoosha boti iutazame upepo, kama ambavyo ungefanya hata asingekuwapo mtu wa kuuliza.

"Leo katulia," Gaudensia alisema.

"Maji humu yametulia. Kipimo kinaonyesha."

"Na yeye katulia."

Osmund akaendelea kumenya. Ndani ya mfuko wa koti lake, katika soksi ya sufu aliyoifunga fundo, kulikuwa na kichupa kisichozidi kidole gumba. Humo ndimo alimokuwamo Wendelin, mume wa kwanza wa Gaudensia. Au, kwa lugha ya sheria, humo ndimo ulimokuwamo Mkono wa Wendelin Kapinga. Kilichoushika usukani wakati ule ni mkono wa kiwanda, wa akiba, ambao kila boti hulazimika kuubeba kama inavyobeba majaketi ya kuokolea. Huo haukuwahi kuwa mume wa mtu.

Tangu injini za mafuta zipigwe marufuku ziwani, mizigo na abiria walikuwa wamerudi kwenye tanga, na tanga lilidai mabaharia ambao hawakuwapo tena. Jawabu lilikuwa mikono. Uzi wa neva uliokuzwa maabara hutiwa katika ute, ukaunganishwa na usukani, kisha nahodha hodari akaendesha boti mwaka baada ya mwaka mpaka uzi ukashika tabia zake. Mkono haujui majina wala sura, na haufikiri. Unajua tu fulani alikuwa akifanya nini wimbi likimjia hivi, na nini likimjia vile. Kwa kuwa ni kitu hai, haunakiliwi. Na kwa kuwa ni kitu hai, hula. Chakula chake ni mwendo wa maji. Ukikosa mwendo hunyauka, ukianza kupoteza yale uliyojifunza mwanzo kabisa na kumalizia na ya mwisho.

Ndiyo sababu watu wa ziwa wanaongoja upepo hawaiachi boti ilale. Kila mchana huiacha nanga na kamba yake kwenye boya, hupandisha tanga dogo na kuizunguka ghuba, hata mvua ikinyesha. Wanaita kulisha. Mwenye mkono asiyelisha hutazamwa kama mwenye ng'ombe asiyekata majani.

Mchana huo pia Gaudensia alilisha. Alivuta kamba ya tanga, boti yao, Sayuni, ikainama, ikaanza kuzunguka maji yaliyotulia, na yeye akakaa karibu na usukani akiwa amekunja miguu, akiutazama ukigeuka. Osmund alimtazama akiutazama. Mkono wa kiwanda ni saketi tupu; haushibi wala hauoni njaa. Mkewe alikuwa akikilisha chuma, na alikilisha kwa subira ambayo yeye Osmund, katika ndoa yao ya miezi tisa, hakukumbuka kuonyeshwa.

Kutoka boti ya pili, iliyoitwa Bora Uhai, Kasian Hyera alipunga mkono. Alikuwa mchuuzi wa dagaa, mtu wa Liuli, mnene, asiyevaa shati hata kwa baridi.

"Shemeji Gaude! Mzee anakula vizuri?"

"Anakula, shemeji. Wako je?"

"Wangu mlafi huyu, atanimalizia ghuba!" Kisha akamgeukia Osmund. "Mkaguzi! Habari za jikoni? Maana naona nyumba yenu ina waume wawili, mmoja anaendesha na mmoja anamenya viazi!"

Gaudensia alicheka mpaka akashika tumbo. Osmund alitabasamu kwa kiasi kinachotakiwa. Utani ule aliweza kuuvumilia. Kilichomchoma ni neno shemeji. Ushemeji wa Kasian na Gaudensia ulipitia kwa Wendelin, rafiki yake wa utotoni. Wendelin alikuwa amekufa, lakini ushemeji ulikuwa hai, unapungiana mikono juu ya maji, na hakuna aliyemwona Osmund kuwa anastahili kuingizwa humo.

*

Alimfahamu marehemu kabla hajamfahamu mjane. Osmund alikuwa mkaguzi wa mikono katika bandari ya Mbamba Bay, na Gaudensia, mpima ardhi, alifika siku moja ofisini kwake na kichupa, akitaka kibali cha kuendelea kukitumia baada ya kifo cha mwenye jina. Osmund alikiweka kwenye meza ya majaribio, akakirushia mawimbi ya kila aina, akasoma majibu. Alikuwa amekagua mikono mingi ya ovyo: ya waoga, ya walevi, ya wenye pupa. Huu ulikuwa kitu kingine. Uliliingia wimbi kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Aliandika katika ripoti: mkono wa mtu mmoja, safi, hauna kasoro. Akamwambia mjane, "Mumeo alikuwa fundi." Sifa hiyo haikumgharimu kitu wakati ule.

Safari hii ilikuwa mapumziko yao ya kwanza pamoja. Osmund alifunga vipimo vya mtikisiko katika boti, kwa mazoea tu, kama mwingine anavyobeba kitabu. Baada ya siku chache za mwendo aliona jambo ambalo hakulitafuta. Kitanda cha kushoto hakikutikisika kama cha kulia. Alisahihisha hesabu kwa upepo, kwa mzigo, kwa umbo la boti. Tofauti ilibaki palepale. Mkono ulikuwa ukikubali kupoteza mwendo, ukikubali hata kumbamiza ukutani aliyelala kulia, ili aliyelala kushoto asiamke.

Gaudensia alilala kushoto. Osmund alilala kulia, na bega lake lilikuwa na alama.

Hakuudhika papo hapo. Alijiambia kwamba wivu kwa uzi wa neva ni kosa la kimantiki: uzi haumpendi mtu, unarudia tu. Lakini swali likabaki, unarudia nini? Ulikuwa ukirudia uangalifu wa mwanamume ambaye, miaka mingi, kila wimbi lilipomjia, alifikiria kwanza usingizi wa mkewe. Na uangalifu huo sasa ulikuwa umepimwa, una tarakimu, na mpimaji alikuwa yeye. Wanaume wengine wanaorithi nafasi ya marehemu hujifariji kwamba mapenzi ya zamani hutiwa chumvi. Osmund hakuachiwa faraja hiyo. Alikuwa na data.

Walipoingia ghuba ya Nakandima aliutoa mkono ule na kuweka wa kiwanda, usiku mmoja tu, kwa ajili ya kulinganisha. Hilo alilisema moyoni na alilimaanisha. Matokeo yalikuwa wazi: vitanda viwili vikawa sawa. Asubuhi alikuwa ameshika kichupa tayari kukirudisha, ndipo Gaudensia alipotoka na kahawa, akaweka kiganja kwenye usukani na kuuliza umelalaje. Akauliza kwa sauti ileile. Akaridhika vilevile.

Kwa hiyo hajui, Osmund aliwaza. Anaongea na kiti kitupu na hajui.

Furaha aliyoipata ilikuwa fupi na chafu, kisha ikafuatwa na jambo baya zaidi: hata kiti kitupu cha Wendelin kiliamkiwa kabla yake. Hakuamua kutokirudisha kichupa. Alikitia mfukoni, siku ikapita, ikaja nyingine. Mwera ukaendelea kuvuma, wote wakawa wanangoja, na yeye akawa anangoja vitu viwili.

Mara kwa mara alijifungia chooni, akakiweka kichupa kwenye kipimo cha mfukoni na kusoma hali yake. Kwanza ilishuka polepole. Kisha ikashuka upesi, kama inavyokuwa kwa mikono iliyozoea kazi. Hakufuta kitu. Hakumwaga kitu. Sheria ya kazi yake ilikuwa na kifungu kuhusu mkaguzi anayeharibu mkono wa mtu, na Osmund alikijua kwa moyo. Kilizungumzia kuharibu kwa kutenda. Alikuwa amekaa kamati iliyokiandika, na ni yeye aliyesema neno kutenda libaki, kwa sababu kutotenda ni vigumu kuthibitisha.

*

Upepo ulikatika baada ya chakula cha mchana, ghafla, kama mtu aliyekatiza sentensi. Gaudensia aliacha kuosha sufuria. Ziwa lote nje liliendelea kuinuka na kushuka, lakini hakukuwa na kinacholisukuma.

"Sipendi hivi," alisema.

Redio ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Kasian, na haikuwa na utani. "Shemeji, tazama kaskazini."

Wakatazama. Kaskazini, ambako ghuba ilikuwa wazi kama mlango usio na ubao, ukuta wa wingu rangi ya risasi ulikuwa umelala juu ya maji, na chini yake mstari mweupe ulikuwa ukisogea. Huo ulikuwa Mpoto, upepo wa kaskazini, ambao msimu ule hautakiwi kuwapo. Zamani haukuwapo. Miaka hii misimu ilikuwa imesahau zamu.

Maana yake haikuhitaji kuelezwa. Ukuta wa mawe uliowakinga dhidi ya Mwera sasa ulikuwa nyuma yao, na Mpoto ungewasukuma juu yake. Nanga haingeshika; sakafu ya ghuba ni mchanga mlaini. Kutokea kaskazini hakukuwezekana. Palikuwa na njia moja, Mlango, ufa katika ukuta wa mawe upande wa kusini, mpana kuliko boti mbili kwa kidogo. Ungepitika upepo ukiwa mgongoni.

"Mimi natangulia," Kasian alisema. "Boti yangu nzito, nikichelewa itatupwa kwenye mawe. Nyinyi mna Wende. Wende Mlango ule alikuwa akiupita anapiga mluzi."

"Nenda, shemeji. Tunakuja."

Bora Uhai ikafungua tanga, ikageuka, ikayaelekea mawe. Gaudensia alikuwa tayari ameshika kamba ya nanga. Mikono yake ilifanya kazi upesi bila haraka. "Vaa jaketi. Funga madirisha. Kisha kaa chini, usishike kitu. Ukishika usukani unamchanganya."

"Gaude."

"Jiwe la kushoto hurudisha wimbi. Mara zote tatu tulizopita niliogopa, na mara zote alijua lini. Ramani hapa ni ya zamani, maji yalikuwa juu. Ingekuwa mkono mwingine ningesema turuke tuogelee."

"Gaudensia. Ni mkono mwingine."

Akamtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri, ingawa alisikia.

Osmund alifungua fundo la soksi na kukitoa kichupa. Kwenye mwanga ule ute wake ulikuwa umegeuka manjano. "Usukani una mkono wa kiwanda. Tangu tuingie. Haujui Mlango. Una ramani ya zamani."

"Mrudishe."

"Haiwezekani sasa. Ukirudishwa unahitaji muda mrefu wa maji matulivu uizoee boti upya. Ukiingizwa hivi, utaushtua usukani katikati ya mawe. Na haupo kamili. Haujalishwa."

"Mimi nimelisha kila siku."

"Umelisha saketi."

Mstari mweupe ulikuwa umeingia ghubani. Upepo wa kwanza ulipiga, mlingoti ukalia. Osmund alitarajia kelele, au kofi. Gaudensia aliachia nanga yote, kamba na boya, ikaenda. Akavuka kwenda kwenye usukani, akabonyeza kitufe cha kuukata mkono wa kiwanda, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Basi nakupitisha mimi. Kaa chini, Bwana Mkaguzi."

"Unajua kuendesha?"

Swali lile lingemchekesha kama angekuwa na nafasi ya kucheka.

Osmund alikaa chini. Alichokiona baadaye alikieleza mara nyingi moyoni, na kila mara alikieleza kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio uliomtisha. Upepo uliwaokota kutoka nyuma na mawe yakaanza kukua. Gaudensia alipunguza tanga mpaka likabaki kipande, akaielekeza boti moja kwa moja kwenye jiwe la kushoto, si kwenye uwazi. Osmund alifumbua mdomo kupiga kelele, akaufumba. Wimbi lilitangulia, likaligonga jiwe, likarudi. Na katika nafasi ile fupi ambamo wimbi linalorudi lilikutana na linalokuja na maji yakasimama bila kujua yaende wapi, aliugeuza usukani kulia, laini, bila kuukaba. Boti iliinuka. Ilipita. Jiwe la kulia lilikuwa karibu kiasi kwamba Osmund aliona konokono walioganda juu yake.

Aliijua ile namna laini. Aliwahi kuiona kwenye meza yake ya majaribio, akaiandikia ripoti. Boti iliingia kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala.

*

Nyuma ya ukuta wa mawe Mpoto ulikuwa umekatwa makali. Kasian alikuwa akiwangoja mbali kidogo, tanga lake limekunjwa. Alipowaona alipuliza honi mpaka ikakauka. Gaudensia aliisimamisha boti ipande na kushuka mahali pamoja. Ndipo akauachia usukani, akakaa kando yake.

"Mwaka gani?" Osmund aliuliza. Ndilo swali lililomjia.

"Mwaka gani nini?"

"Ulianza mwaka gani kuufundisha uzi ule?"

"Alipoanza kuugua." Alisema bila kumtazama. "Figo. Hakuweza kusimama. Safari zilikuwa lazima, boti ndiyo ilikuwa inatulisha, na kibali kilikuwa kwa jina lake. Mtu mwingine akigusa, kibali kinafutwa. Wewe unajua sheria kuliko mimi. Tukanyamaza. Alilala chini, mimi nikashika. Miaka minne."

"Ulikuwa ukilala kushoto."

"Mimi? Maisha yake yote sikulala kushoto. Kushoto alilala yeye. Mgongo ulikuwa ukimuuma kila boti ikigonga. Nilijifunza kuipitisha isigonge upande ule. Asubuhi nilikuwa nikimwuliza kutoka hapa hapa nilipokaa, umelalaje Wende, na akisema vizuri nilijua kama anadanganya. Nilihamia kushoto baada ya kumzika."

Osmund alitafuta jaribio moja ambalo lingemwonyesha haya mapema, akalipata mara moja. Kubadilishana vitanda. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelifanya. Hakulifanya kwa sababu aliamini tayari anajua nani alikuwa akimpenda nani, na sasa aliona kwamba alikosea mwelekeo tu. Hakupunguziwa kitu. Alikuwa amemwonea wivu marehemu kwa vile alivyompenda huyu mwanamke. Tarakimu zilikuwa zikieleza vile huyu mwanamke alivyompenda marehemu.

"Kwa hiyo ule mkono ni wako," alisema.

"Ni wetu. Mwanzo ni yeye, mwisho ni mimi. Humo tulikuwamo wote wawili, na wewe uliandika mtu mmoja, safi. Nilitoka ofisini kwako nikacheka njia nzima. Nikajiona nimeolewa na Wende kweli, mpaka mkaguzi hawezi kututenganisha." Akakitazama kichupa mkononi mwa Osmund. "Unajua nilijua? Kwamba kitanda hakitulii. Usiku wa kwanza tu pale ghubani. Nikasema ni mimi. Nimeanza kumsahau, ndiyo maana simsikii. Nikawa nalisha zaidi. Wewe unamenya viazi, unaniangalia."

Osmund alikifunika kichupa kwa kiganja.

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka afe mwenyewe."

"Hilo ndilo ninaloliuliza."

"Ndiyo."

Gaudensia alipokea neno lile bila kukunja uso. Redio ilikoroma, Kasian akiuliza kama wote wazima na kama mzee kawapitisha salama. Gaudensia akachukua kipaza sauti. "Katupitisha, shemeji," alisema, "tangulia Liuli, tunakufuata." Kisha akakiweka.

"Kimebaki kiasi gani?"

Osmund aliweka kichupa kwenye kipimo. Alikisoma mara mbili. "Chini ya nusu. Kilichokwenda ni cha mwanzo. Miaka ya awali yote. Imebaki minne ya mwisho, na hiyo ina mapengo."

"Yaani mimi."

"Yaani wewe."

"Na yeye hayumo."

"Hayumo kabisa."

Gaudensia aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayethibitisha mpaka wa kiwanja. "Maji yametulia hapa. Uurudishe au uumwage, mimi sikuambii. Nikikuambia, utasema baadaye ulitii. Ulikitoa mwenyewe." Akaenda mbele kukunja tanga, akampa mgongo.

Osmund alibaki na kichupa. Akikimwaga, boti hii ingekuwa boti, na vitanda vyake viwili vingekuwa sawa siku zote. Akikirudisha, angesafiri maisha yake yote katika chombo kinachomlinda mgonjwa aliyekwisha kufa. Alipima hayo mawili kwa utulivu aliokuwa nao kazini, na mizani haikukubali kutulia. Mwishowe alikirudisha, kwa kuwa kitu hai kilikuwa mkononi mwake na njaa yake ilikuwa kazi yake. Sababu nyingine hakuiona, na hakujisifu kwa hiyo.

Kioo cha usukani kikawaka. Mkono uliotoka nje ya chombo husajiliwa upya: jina la mwenye mkono, mkaguzi, sahihi. Jina la zamani lilikuwa bado pale, Wendelin Kapinga, likingoja kuthibitishwa. Osmund alisoma tena hali ya uzi. Kisheria jina hutokana na kilichomo. Akafuta jina. Akaandika Gaudensia, akatia sahihi.

Ilikuwa kweli. Jana haikuwa kweli, wala juzi. Yeye ndiye aliyeifanya iwe kweli, kwa kukaa tu. Na ilimfurahisha kuliko ukweli unavyotakiwa kumfurahisha mtu.

Gaudensia alirudi, akasimama nyuma yake, akasoma kioo.

"Umemfuta."

"Nimeandika kilichomo."

"Naona," alisema. "Ndiyo maana sina la kukujibu."

Alishuka chumbani. Osmund alisikia mlango ukifungwa, kisha hakusikia alikwenda kulala upande upi. Muda mrefu baadaye, mkono ulipokwisha kuizoea boti upya, wimbi dogo lilikuja kutoka kaskazini. Usukani, ambao hakuna aliyeugusa, ulifikiri kwanza kwa namna yake, ukageuka taratibu, ukaliacha lipige upande wa kulia.